Barabara ya Arua na Mbio za Ubingwa

Ligi Kuu ya Uganda inapoingia ngwe ya lala salama, macho yote huelekezwa kwa vinara wawili au watatu. Redio za Kampala huhesabu pointi zao, mechi za viporo, majeruhi na kadi, kana kwamba ubingwa ni shauri la hao watatu peke yao. Nadai hapa kwamba sivyo. Katika wiki sita za mwisho, ubingwa huamuliwa kwa kiasi kikubwa na timu ambazo hazina tena cha kugombania, hasa zile za mbali, zenye deni la mishahara na basi bovu. Na ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika historia ya kandanda ya West Nile, eneo la Arua kaskazini-magharibi mwa nchi, tangu vita vya 1979 hadi klabu mbili za Arua zilipoporomoka, moja mwaka 2023 na nyingine 2024.

Tuanze na tukio ambalo halikutokea West Nile lakini linaonyesha ugonjwa wenyewe. Mwaka 2003 SC Villa na Express zilikuwa zikifukuzana hadi mwisho, na ubingwa ukaelekea kuamuliwa kwa tofauti ya mabao. Villa ikacheza na Akol, klabu ya Lira, ikaifunga mabao 22 kwa 1. Matokeo ya namna hiyo hayahitaji mtaalamu wa kuyaeleza, na kashfa yake ingali inasimuliwa na mashabiki waliokuwa watoto wakati ule. Lakini mazungumzo yamebaki kwa Villa na Express: nani alifanya nini, nani alionewa. Ni wachache wanaouliza habari za Akol. Klabu ya Lira ya mwaka 2003 ilikuwa klabu ya mji uliojaa wakimbizi wa vita vya Lord's Resistance Army (LRA), tena ni mwaka ambao vita hivyo vilisambaa vibaya katika maeneo ya Lango na Teso. Timu iliyofikia hali ile haiwezi kulinda heshima ya ligi nzima. Jina la Villa limo katika orodha ya mabingwa kwa mwaka huo, na Akol imebaki kichekesho. Kama ligi ingekuwa na mfumo wa kuhakikisha kwamba timu ya Lira inamaliza msimu ikiwa hai, pengine bingwa angekuwa yuleyule, ila tungelijua hilo bila shaka yoyote.

West Nile ilichelewa sana kufika kwenye ligi hiyo ya kisasa, na sababu yake haikuwa uhaba wa vipaji. Ligi ya taifa ilianza 1968, Prisons ikawa bingwa wa kwanza. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, ambaye jamaa zake ni Wakakwa wa Koboko, timu iliyobeba jina la jeshi, Simba, ilitwaa ubingwa mwaka 1971, ikafika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 na kufungwa na Hafia ya Guinea, kisha ikautwaa tena ubingwa wa nyumbani mwaka 1978. Vijana wengi wa West Nile walikuwa askari, kwa hiyo ushindi wa Simba ulishangiliwa Arua na Koboko kama wa nyumbani. Lakini ulikuwa ushindi wa kambi za jeshi, wala haukuacha klabu wala kiwanja huku. Aprili 1979 serikali ya Amin ikaanguka vitani, jeshi likasambaratika, na bingwa wa mwaka uliotangulia akabaki jina tu. Watu wa West Nile wakakimbia kwa makundi makubwa kuingia Sudan na Zaire; wa Koboko wengi walivuka kwenda upande wa Yei, umbali mfupi tu kutoka mpakani. Walirudi kidogo kidogo katika miaka ya 1980, wakakuta miji iliyochomwa. Kizazi kizima cha wachezaji kililelewa kambini.

Kisha ikaja habari ya barabara. Hata makundi ya waasi ya West Nile yenyewe yalipoanza kutulia, na UNRF II kutia saini mkataba wa amani huko Yumbe mwezi Desemba 2002, njia ya kwenda Kampala ilikuwa bado ya hatari. Kipande cha kati ya Karuma na Pakwach kilikuwa mahali pa kuvizia magari. Watu walisafiri kwa msafara wenye ulinzi, na wengine hawakufika. Hali hiyo iliendelea mpaka LRA walipoondoka kaskazini mwa Uganda kuanzia mwaka 2006. Ligi ya nyumbani na ugenini inadai kitu kimoja kabla ya kingine chochote: timu iweze kufika ugenini na kurudi. Mtu akiuliza kwa nini West Nile haikuwa na sauti katika mbio za ubingwa kwa miaka yote hiyo, jibu la kwanza halina uhusiano na soka.

Ndiyo maana Onduparaka iliposimama, furaha ilikuwa kubwa kupita kiasi cha klabu changa. Timu hiyo yenye jina la kitongoji cha pembeni mwa Arua, jezi za kijani na lakabu ya Caterpillars, ilifika fainali ya Kombe la Uganda mwaka 2016 ikiwa bado daraja la pili, ikashindwa na Vipers, lakini mwaka huohuo ikapanda ligi kuu. Chini ya kocha Livingstone Mbabazi, aliyewahi kuichezea timu ya taifa, msimu wa kwanza haikuonekana mgeni hata kidogo. Kiwanja cha Greenlight kilijaa siku za mechi. Watu walishuka kutoka Maracha na Koboko kwa lami mpya ya Vurra hadi Oraba, barabara ya kilomita 92 inayounganisha mipaka miwili, wa Kongo na wa Sudan Kusini. Koboko haina timu ya ligi kuu, kwa hiyo Onduparaka ikawa ya Koboko pia. Mashabiki wakaifuata timu hadi Kampala, na viwanja vya huko vilivyozoea watu mia chache vikajaa kijani. Mwaka 2017 fainali ya Kombe la Uganda ikachezwa Greenlight penyewe, KCCA ikiifunga Paidha Black Angels ya Zombo mabao 2 kwa 0, na kukamilisha mataji mawili katika msimu mmoja. Klabu za West Nile fainali mbili mfululizo: watu walikuwa na haki ya kuamini kwamba zamu yao imekaribia.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kusema. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, nusu nyumbani, nusu ugenini. Arua hadi Kampala ni kama kilomita 500. Timu ya Arua husafiri ugenini mara 15, na karibu kila safari ni kilomita 1,000 kwenda na kurudi, hivyo hata ukiondoa safari zinazounganishwa, msimu mmoja unakaribia kilomita elfu kumi na kitu. KCCA ikienda kucheza na Express, Villa, URA au Polisi, huvuka mitaa. Enzi za Onduparaka klabu kubwa ya Kampala ilipanda Arua mara moja kwa msimu, mara mbili pale klabu mbili za Arua zilipokuwa ligi kuu kwa pamoja. Safari yenyewe ni ya usiku: basi linatoka Arua jioni, linapita Nebbi, linavuka Nile kwenye daraja la Pakwach, linakata pori, na wachezaji warefu wanalala wakiwa wamekunja magoti mpaka alfajiri inawakuta barabara kuu, kiungo akiwa na shingo iliyokauka na mechi jioni ya siku hiyohiyo. Kulala hoteli siku moja kabla ni dawa, lakini hoteli ya watu ishirini na tano inalipwa na nani? Mkataba wa televisheni wa StarTimes wa mwaka 2018 ulikuwa wa miaka 10 na thamani ya zaidi kidogo ya dola milioni 7. Hata zote zingegawiwa sawasawa kwa klabu 16, na hazigawiwi hivyo kwa sababu daraja la pili nalo lina mgao, kila klabu ingepata dola zisizofika elfu hamsini kwa mwaka. Kwa klabu ya Kampala hicho ni kipande cha mishahara. Kwa ya Arua, sehemu kubwa yake inaishia kwenye dizeli.

Sasa tazama kinachotokea msimu unaposonga. Mwezi wa Oktoba klabu ya Arua ina wafadhili wenye moyo, wachezaji wamelipwa, uwanja umejaa. Mgeni anayepanda Greenlight wakati huo anakutana na timu kamili, na mara nyingi anaondoka na pointi moja au bila kitu. Ifikapo Aprili, fedha imekauka, mishahara ya miezi imelala, wachezaji wanaojua watauzwa wanachunga miguu yao, na timu imeshakuwa katikati ya jedwali, haishuki na haipandi. Mgeni wa Aprili anacheza na timu nyingine kabisa iliyovaa jezi ileile. Vinara wawili wanaofuatana kwa pointi mbili wanaweza kutofautiana kwa jambo hili moja: nani alipewa Arua ya Oktoba na nani alipewa Arua ya Aprili. Ratiba hupangwa ofisini, wala hakuna anayeituhumu kwa hila. Lakini inagawa kitu chenye thamani kubwa bila kukitaja. Juu ya hayo, nguvu ya timu za kati huhamia kwa vinara. Muhammad Shaban, mshambuliaji aliyeifanya Onduparaka iogopwe msimu wake wa kwanza, alisajiliwa na KCCA mwaka 2017, baadaye akaenda Raja Casablanca. Simlaumu yeye wala KCCA, mchezaji ana haki ya kupanda. Ila tujue kwamba timu iliyokuwa ikiwanyima vinara pointi iliuza meno yake kwa kinara mmojawapo.

Mwaka 2020 ulitupa jaribio ambalo hakuna aliyelitaka. Corona ilisimamisha ligi baada ya mechi 25, na FUFA, shirikisho la soka la Uganda, ikifuata kanuni ya asilimia 75 ya mechi kuwa zimechezwa, ikamtangaza Vipers bingwa kwa pointi 54 dhidi ya 50 za KCCA. Kanuni ilifuatwa. Lakini mechi tano zilizobaki zilikuwa na pointi 15 kwa kila timu, na pengo lilikuwa la pointi nne. Waliotetea uamuzi walisema mechi 25 zinatosha kumjua aliye bora. Wakati huohuo kila mwenye kupenda ligi anashikilia kwamba ngwe ya mwisho ndiyo ngumu, ndiyo inayopima moyo. Haiwezekani yote mawili yakawa kweli kwa pamoja. Kama mechi tano za mwisho ni nzito kiasi hicho, basi hali ya wale wanaokutana na vinara katika mechi hizo ni sehemu ya uzito huo, na mtu hawezi kuzungumzia ubingwa bila kuwazungumzia wao. Mwaka uliofuata, 2021, ligi ilikatizwa tena kabla ya kumalizika na Express ikatangazwa bingwa. Misimu miwili mfululizo lala salama haikuchezwa yote, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ingeamua nini.

Arua Hill ilipanda ligi kuu mwaka huohuo wa 2021, ikitokana na Doves All Stars, ikachezea uwanja wa Barifa. Kwa misimu miwili Arua, iliyopata hadhi ya jiji Julai 2020, ilikuwa na timu mbili katika ligi kuu ya timu 16, jambo ambalo miaka ishirini kabla lingekuwa ndoto ya mchana. Halafu yote yakaanguka kwa kasi. Onduparaka ikashuka daraja mwaka 2023 baada ya misimu saba. Msimu uliofuata Arua Hill ikashindwa hata kufika kwenye baadhi ya mechi zake, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani, na nayo ikatoka. Msimu huohuo, wa 2023/24, ulikuwa na mbio kali za ubingwa kuliko nyingi za karibuni: siku ya mwisho ya msimu, mwezi Mei, ilifika zaidi ya timu moja zikiwa na tumaini, na Villa ikautwaa, ubingwa wake wa 17, wa kwanza tangu 2004. Shangwe ya Villa ilikuwa ya haki. Lakini fikiria maana ya ushindi wa mezani katika mbio kama hizo. Timu iliyopanda Arua mapema ililipa nauli, ikacheza dakika tisini kwenye jua, ikahatarisha majeruhi na pengine ikaacha pointi. Iliyopangiwa baadaye ilipata pointi tatu na mabao bila kutoa jasho, huku wachezaji wake wakipumzika. Hakuna kosa la vinara hapo. Kosa ni la ligi iliyoruhusu timu kufikia Machi na Aprili ikiwa haiwezi kupanda basi.

Watasema kwamba kila timu inacheza na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo bahati hujisawazisha. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo sababu mfumo huo umependwa dunia nzima. Lakini unasawazisha idadi ya mikutano, hausawazishi wakati wake. Ungejisawazisha kweli kama timu zingebaki na hali moja kuanzia Agosti hadi Mei, na katika ligi yenye fedha za kutosha jambo hilo hukaribia kuwa kweli: timu ya mwisho ya Uingereza hulipa mishahara ya Mei kama ya Agosti. Kwetu pengo kati ya timu ileile mwanzoni na mwishoni mwa msimu huwa kubwa kuliko pengo kati ya timu mbili tofauti. Wanaotumia hoja ya Ulaya wanaichukua pamoja na sharti lake, kisha sharti wanaliacha njiani.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na husemwa hata Arua kwenyewe: klabu zilianguka kwa makosa ya viongozi wao, walisajili kupita uwezo, walimtegemea tajiri mmoja, walidhani mashabiki watalipa. Nakubali sehemu kubwa ya haya. Klabu inayoishi kwa mfuko wa mtu mmoja hufa mtu huyo anapochoka, na hilo limetokea Kampala pia mara nyingi. Lakini makosa yaleyale ya uongozi hayana gharama ileile kila mahali. Klabu ya Kampala iliyofilisika Machi bado inaweza kupanda matatu ikafika uwanjani, ikafungwa kwa heshima. Ya Arua ikifilisika Machi haifiki kabisa. Septemba 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya West Nile yalilazimika kuzunguka, mengine kwa kupitia Paraa ndani ya mbuga ya Murchison, na nauli ikapanda. Daraja halikufungwa na uongozi wa klabu yoyote. Umbali hugeuza kila kosa dogo kuwa kifo, na ligi inayojiita ya taifa haiwezi kuuchukulia umbali kama tabia mbaya ya timu fulani.

Pingamizi la tatu ni la wapenda mageuzi: tuache jedwali, tumalize msimu kwa mtoano wa walio juu, ili timu zilizochoka zisiwe na la kuamua. Mwaka 2025 FUFA ilitangaza mfumo wa kugawa msimu katika raundi tatu, na klabu kadhaa zikapinga vikali. Wamarekani wanazijua njia zote mbili katika mpira wa kikapu wa vyuo. Kundi la Big Ten sasa lina vyuo 18, na kila kimoja hucheza mechi 20 za kundi: wapinzani watatu mara mbili, kumi na wanne mara moja tu. Wanakubali wazi kwamba njia ya kila mmoja kwenda kwenye taji la Machi haifanani na ya mwenzake, na makosa ya ratiba hurekebishwa na mashindano ya mtoano yenye timu 68. Ivy League, kundi jingine la vyuo, walishikilia hadi mwaka 2016 kwamba jedwali pekee ndilo limpeleke bingwa wao kwenye mashindano hayo, kisha 2017 wakaanzisha mtoano. Inawezekana, basi. Lakini mtoano hauponyi ugonjwa wetu, unauhamisha. Wanaoingia juu wataamuliwa bado na mechi walizocheza na timu zilizokosa nauli, na baada ya hapo timu ya Arua iliyo nafasi ya kumi itakuwa haina mgeni mkubwa wa kujaza Greenlight katika miezi ile ambayo kiingilio ndicho kinacholipa mishahara. Kikapu cha hapa nchini kimekuwa na mtoano miaka yote, na City Oilers wakautwaa ubingwa mfululizo kwa karibu muongo mzima tangu 2013, katika ligi ambayo timu zake karibu zote ziko Kampala na jirani yake. Mtoano haukuifanya kuwa ya taifa.

Tangu 2005 hadi 2025 ubingwa wa soka umezunguka kwa klabu sita: Polisi, URA, KCCA, Express, Villa na Vipers, ambayo ilitwaa lake la kwanza mwaka 2010 ikiitwa Bunamwaya. Zote ni za Kampala na Wakiso. Sisemi kwamba Arua ingekuwa imechukua lake kama nauli ingelipwa. Nasema kwamba hata mabingwa hao sita wana haja na Arua iliyo hai, kwa sababu taji lililopatikana dhidi ya wapinzani wote kamili halina wa kulitilia shaka, wala bingwa haendi Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na maswali nyuma yake. Fungu la nauli linalolipwa na ligi kwa kilomita, likatolewa kabla ya mgao mwingine wowote, lingegharimu kidogo ukilinganisha na thamani ya jambo hilo. Dhamana ya mishahara ya miezi mitatu ya mwisho, iliyowekwa benki kabla ya msimu kuanza, ingegharimu zaidi, na klabu kadhaa za Kampala zingeilalamikia pia kwa sababu nazo hazina. Hata ratiba inaweza kusaidia kwa kuhakikisha kwamba wanaotazamiwa kuwa vinara wanapanda West Nile katika wiki zinazokaribiana.

Msimu wa 2024/25 West Nile haikuwa na timu ligi kuu, na Vipers wakatwaa ubingwa bila mtu kuvuka Pakwach. Mwaka 2025 Calvary ya West Nile ikapanda, na basi likaanza tena kuondoka jioni.